Mstari wa Njano Uliokunjamana: Uchambuzi wa Kisa cha Matatu ya Skeli ya 1:24

Jioni moja ya mwishoni mwa Aprili, masika yakiwa yamekolea Mombasa, niliibandua tepu ya kuzibia rangi ubavuni mwa matatu ya modeli, gari la plastiki lenye urefu usiofika sentimita 20, nikaona kwamba mstari wa njano niliokuwa nimeupaka muda mfupi kabla ulikuwa umeharibika kwa namna tatu tofauti. Ubavu wa kushoto ulikuwa umekunjamana kama utandu wa maziwa yaliyochemshwa yakaachwa kupoa. Ubavu wa kulia haukuwa na mikunjo mingi, lakini njano yake ilikuwa imefunikwa na ukungu mweupe, kana kwamba mtu ameipulizia unga. Nyuma, mahali pekee ambapo rangi ilionekana kukaa vizuri, ukingo wa mstari ulikuwa umesimama juu kiasi cha kuusikia kwa ukucha, na kipande cha buluu ya chini kilikuwa kimeng'oka pamoja na tepu. Yote hayo yalitokea ndani ya mstari wenye upana wa milimita 6.

Nimeamua kukiandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu makosa yaliyokizalisha yanafanana na yale yanayowapata wengi wanaoanza kuunda na kubadilisha magari ya modeli katika miji ya pwani, na kwa sababu maelezo ya kazi hii yanayopatikana kwa wingi yameandikwa na watu wanaopaka rangi katika hewa isiyofanana na yetu.

Gari lenyewe lilianza kama seti ya vipande ya kampuni ya Aoshima ya Shizuoka, Japani, ya Toyota HiAce ya kizazi cha 200, gari ambalo Toyota ililitoa mwaka 2004. Seti za aina hii zinamfaa sana mtu wa Afrika Mashariki, kwa kuwa usukani wa HiAce ya Kijapani uko kulia kama wetu na mlango wa kusukuma uko upande wa kando ya barabara, kwa hiyo hakuna haja ya kugeuza dashibodi wala kukata ubavu. HiAce ya kawaida yenye bodi nyembamba ina urefu wa milimita 4,695 na upana wa milimita 1,695. Skeli ya 1:24 maana yake kila kipimo kinapunguzwa mara 24, na ukigawa kwa 24 unapata gari la milimita 196 hivi kwa 71, linalokaa vizuri kwenye kiganja kilichokunjuliwa pamoja na vidole vyake. Ndani hakuna injini. Mpenzi wa mitambo atasikitika, lakini aliyekusudia kuunda matatu hana cha kulalamikia, kwani hakuna abiria aliyewahi kupanda matatu kwa ajili ya kuitazama injini.

Kazi ya kubadilisha ilikuwa na sehemu tatu: kuondoa viti vya kifahari vya seti na kuweka viti vya abiria 14, kupaka mstari wa njano, na kuandika maneno. Viti nilivichonga kwa bapa za plastiki nikavibandika kwa gundi inayoyeyusha plastiki, na havikunisumbua hata kidogo. Mtu aliyekulia katika mtaa ambao watoto waliunda magari ya waya yenye magurudumu ya ndara na usukani wa fimbo ndefu hawezi kushindwa na viti. Shida ilikuwa mstari.

Msomaji wa Kenya hahitaji kuambiwa mstari huo ulitoka wapi, lakini vipimo vyake ni sehemu ya kisa. Kanuni za matatu zilizotangazwa mwaka 2003 na kuanza kutekelezwa Februari 2004, ambazo wananchi walizibatiza jina la waziri wa uchukuzi wa wakati ule, John Michuki, ziliagiza mikanda ya usalama, kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, na mstari wa njano wenye upana wa milimita 150 uliochorwa bila kukatika pembeni na nyuma ya gari. Milimita 150 kwa skeli ya 1:24 ni milimita 6.25. Tepu nyembamba za kuzibia rangi zinazotengenezwa kwa ajili ya wapenzi wa modeli huuzwa kwa upana wa milimita 6, na upana huo ukiurudisha kwenye gari halisi unapata milimita 144. Niliukubali upungufu huo bila kusita, kwa sababu robo ya milimita haionekani kwa jicho. Neno gumu katika agizo lile ni kwamba mstari usikatike: lazima uvuke mwanya wa mlango, shimo la kitasa na mfereji wa reli ya mlango wa kusukuma, na kila kimojawapo ni mahali ambapo tepu hujiinua na kuruhusu rangi kupenya chini yake.

Basi nilifanya hivi. Gari zima nililipaka buluu iliyokolea kwa kopo la kupulizia nililonunua dukani kwa muuza vifaa vya ujenzi. Ilikuwa rangi ya mafuta, ile ambayo watu hupaka milango na mageti. Sikutanguliza praima, yaani rangi ya msingi inayoshikisha rangi za juu, kwa sababu buluu ilishika plastiki vizuri machoni pangu na nikaona praima ni gharama isiyo na kazi. Nikaiacha siku mbili. Siku ya tatu ilikuwa kavu kwa kuigusa, inang'aa, nami nikajipongeza. Nikaziba juu na chini ya mahali pa mstari, na kwa kuwa njano ni rangi isiyofunika vizuri, na ikipakwa juu ya buluu hugeuka kijani kibichi cha kinamna, nikatanguliza nyeupe mikono mitatu kisha njano mikono minne. Nyeupe na njano zote zilikuwa za aina nyingine kabisa: rangi ya NC, yaani ya nitroselulosi, niliyopimiwa katika chupa ndogo na fundi wa rangi za magari pamoja na thina yake, nikaipaka kwa brashi ya hewa, kifaa kidogo cha kupulizia rangi kinachosukumwa na hewa ya kompresa. Nilianza na ubavu wa kushoto, nikaulowesha kwa wingi ili kijani kisionekane. Nilipofika ubavu wa kulia nilikuwa nimejifunza kupuliza kwa uangalifu zaidi, lakini mvua ilikuwa imeanza kunyesha na dirisha liko wazi kwa ajili ya harufu. Nyuma nilimalizia na mabaki ya kikombe.

Mtu wa kwanza kumshuku alikuwa fundi aliyenipimia rangi. Nilidhani amenipa rangi iliyozeeka au thina iliyochanganywa na kitu. Nilimpelekea gari asubuhi yake, akaligeuza mara mbili kwenye mwanga, akauliza chini kuna nini. Nilipomtajia kopo la buluu alicheka. "Mwanangu, thina hii ni kali. Umeipaka juu ya mafuta mabichi, imeyala." Nilimjibu kwamba buluu ilikuwa imekauka siku mbili. Akasema imekauka usoni.

Alikuwa na haki, ila jibu lake lilieleza ubavu wa kushoto peke yake. Ukungu wa kulia haukutokana na buluu, kwa kuwa nyeupe na njano zilikuwa zimekaa juu yake karibu bila mikunjo. Nikaona ni afadhali kutenganisha sababu kuliko kukisia, na chombo cha kutenganishia ni kijiko cha plastiki cha kutupwa. Hapa kuna tahadhari ambayo iliniponyoka mwanzoni: vijiko hivyo si vya aina moja. Vile vilaini vinavyopinda bila kuvunjika ni vya plastiki isiyojali thina, na vitakudanganya kwamba kila kitu ni salama. Kinachotakiwa ni kile kikavu kinachovunjika kwa mlio, ambacho kwa kawaida ni cha polistirini, plastiki ileile ya seti za magari.

Niliandaa vijiko sita na kuandika namba kwenye mipini. Cha kwanza kilipakwa rangi ya NC moja kwa moja juu ya plastiki tupu. Cha pili kilipata praima ya plastiki kwanza. Cha tatu kilipata buluu ya kopo iliyokaa siku mbili, na cha nne buluu hiyohiyo iliyokaa wiki nne, kwani gari lilikuwa limekwisha kuharibika na sikuwa na haraka tena. Cha tano na cha sita vilikuwa sawa na cha pili, ila kimoja nilikipaka jioni mvua ikinyesha na kingine saa nane mchana siku ya jua.

Kijiko cha kwanza kilipata nyufa nyembamba kama za udongo wa bwawa lililokauka, kwa sababu thina ya NC huiyeyusha polistirini yenyewe. Cha pili kilikaa sawa. Cha tatu kilikunjamana kabla dakika tano hazijapita, na hapo kesi ya ubavu wa kushoto ikafungwa. Cha nne ndicho kilichonifundisha zaidi, maana nilitarajia kitoke salama, lakini kingo zake zilijikunja kidogo hata baada ya wiki nne. Cha tano kilifunga ukungu mweupe. Cha sita kiling'aa.

Mikunjo ina maelezo yake. Rangi ya mafuta haikauki kwa thina kuondoka tu. Baada ya thina kuondoka, mafuta yake hushikana na oksijeni ya hewani na kugeuka kuwa gamba gumu, na oksijeni hiyo huingia kutoka juu. Kwa hiyo uso hukomaa kabla ya kiini. Ukiipaka rangi ya NC wakati huo, thina yake hupenya kwenye gamba la juu na kulivimbisha, na gamba hilo, kwa kuwa limeshikwa pembeni na halina nafasi ya kutanuka, huinuka juu ya kiini laini na kujikunja. Kadiri unavyolowesha ndivyo thina inavyokaa muda mrefu na kuzidi kupenya, na ndiyo maana kushoto, nilipopuliza kwa wingi, kuliumia kuliko kulia. Kinyume chake hakina madhara: rangi ya mafuta juu ya NC iliyokauka hukaa salama, kwa sababu thina yake ni pole. Mafundi wa rangi za magari wanaijua kanuni hii kwa vidole vyao, nami ningeweza kuiuliza siku niliponunua rangi badala ya siku niliyopeleka lawama.

Ukungu ni jambo la hewa. Thina inapotoka kwenye rangi huchukua joto, na uso wa rangi hupoa chini ya joto la chumba. Ukipoa hadi kiwango ambacho mvuke wa hewani hugeuka umande, matone madogo mno ya maji huanguka ndani ya rangi ambayo bado ni majimaji, na nitroselulosi, isiyopatana na maji, huganda katika vipande vidogo vinavyotawanya mwanga. Jicho huona weupe. Swali la maana, basi, ni uso unahitaji kupoa kiasi gani. Chumba chenye nyuzi 28 na unyevu wa asilimia 85, hali isiyo ya ajabu Mombasa wakati wa masika, umande wake huanza karibu na nyuzi 25. Uso ukipoa nyuzi 3 tu, weupe umeingia. Chumba cha bara chenye nyuzi 26 na unyevu wa asilimia 40 kingehitaji uso upoe karibu nyuzi 15 kabla ya umande kuanza. Mtu wa huko anaweza kupaka NC maisha yake yote asiuone ukungu huu, kisha akakuandikia kwa nia njema kabisa kwamba rangi ikiwa nzuri haifanyi hivyo. Mimi niliongeza kosa juu ya hali ya hewa: tangi la kompresa yangu halikuwa limemwagwa maji kwa wiki kadhaa, na nilipofungua koki yake baadaye yalitoka maji ya kujaza kikombe cha kahawa.

Lililobaki ni la ukingo wa nyuma, na hili halikuwa kosa la kemia. Ni suala la skeli, na kwangu ndilo zito kuliko mengine, kwa sababu lipo hata pale rangi zote zinapopatana. Gari linapopunguzwa mara 24, bati, vioo, matairi na viti vyote hupungua. Rangi haipungui. Gari halisi likitoka kiwandani huwa na rangi ya unene wa takriban sehemu ya kumi ya milimita, tabaka zote zikijumlishwa. Modeli yangu, ikiwa na buluu, nyeupe mikono mitatu na njano mikono minne, ilifikia unene wa namna hiyohiyo au zaidi, na sehemu ya kumi ya milimita kwenye modeli ni sawa na milimita 2.4 kwenye gari halisi. Hakuna matatu barabarani yenye mstari uliosimama milimita mbili na zaidi juu ya bati. Ingekuwa kama imebandikwa ubao. Ndiyo sababu mstari wa nyuma, ingawa haukukunjamana wala kufunga ukungu, ulionekana wa uongo. Jicho halikuweza kusema kosa ni nini, ukucha ndio uliosema. Vumbi nalo lina tabia hiyohiyo: chembe ya mchanga halisi ukiibandika kwenye modeli inageuka kokoto. Anayetaka kulichafua gari lake kwa udongo mwekundu wa barabara za bara ataulaza udongo huo kwenye kitambaa cha nailoni, auchekeche hadi uwe laini kama poda, na bado poda ya rangi itamfaa zaidi.

Kipande kilichong'oka na tepu kilikuwa gharama ya praima niliyoiruka.

Kusugua mstari peke yake kwa msasa kusingeponya chochote, kwa kuwa ugonjwa ulikuwa katika buluu. Nilililaza bodi zima, baada ya kutoa vioo, katika beseni lenye mafuta ya breki yale ya kawaida yenye asili ya glikoli, nikiwa nimevaa glavu. Kimiminika hicho hubambua rangi za aina nyingi bila kuidhuru polistirini, lakini huharibu vipande angavu na hubambua pia rangi ya meza, kama mama mwenye nyumba alivyonionyesha siku ya pili. Baada ya siku moja buluu ilitoka kwa mswaki kama ganda la kitunguu. Nyeupe iliyokuwa imenasa kwenye mfereji wa reli ya mlango ilidai siku nyingine nzima na ncha ya kijiti cha meno. Kisha bodi likaoshwa kwa sabuni ya vyombo mara tatu, kwa sababu alama yoyote ya mafuta ingeifukuza praima.

Katika jaribio la pili niligeuza mpangilio. Badala ya kupaka njano juu ya buluu, nilipaka njano kwanza. Praima nyeupe ya plastiki ilienea mwili mzima. Juu yake njano ilihitaji mikono miwili tu, kwa kuwa haikuwa na buluu ya kupambana nayo, na ilipakwa kwenye ukanda wa katikati peke yake. Baada ya siku mbili niliufunika mstari wenyewe kwa tepu ya milimita 6, kisha nikapuliza njano nyepesi kwenye kingo za tepu kabla ya kuigusa buluu. Hatua hii huonekana ya kipuuzi kwa anayeiona mara ya kwanza, lakini ndiyo inayookoa mistari mirefu: palipo na mwanya chini ya tepu, njano ndiyo itakayopenya na kuuziba, na njano juu ya njano haionekani. Kwenye mfereji wa reli niliikandamiza tepu kwa kijiti na kuikata kwa wembe mpya ili ishuke hadi chini badala ya kuruka juu kama daraja. Ndipo buluu ikaja, safari hii ya NC, kutoka kwa fundi yuleyule ambaye hakunidai samahani ingawa nilimpa. Buluu iliyokolea hufunika kwa mikono miwili myembamba.

Hewa niliishughulikia kwa kuchagua saa zaidi ya kwa kununua vifaa. Nilisubiri siku mbili zisizo na mvua zilizofuatana, nikamwaga maji ya kompresa, nikaliweka bodi juani dakika kumi ili uso wake uanze ukiwa na joto, na nikapaka saa nane mchana. Katika rangi ya mwisho fundi alinichanganyia thina ya kuchelewesha, ile inayokauka polepole. Kwa kuwa inatoka taratibu, uso haupoi ghafla, na matone yakiingia hupata muda wa kutoka kabla rangi haijafunga. Ina hasara yake, maana rangi inayochelewa kukauka hukusanya vumbi na mbu. Nilimtoa mbu mmoja kwenye paa kwa kibano, na tundu lake nikalisawazisha kwa msasa namba 2000 uliolowanishwa.

Tepu ilipobanduliwa, njano ilikuwa imezama kidogo chini ya buluu badala ya kusimama juu yake, na tofauti hiyo ilikuwa ndogo kiasi kwamba mikono miwili ya vanishi angavu ya juu na msasa laini viliimaliza. Ubavu wa kulia ukucha unapita bila kukwama. Ubavu wa kushoto, kwenye shimo la kitasa cha mlango wa kusukuma, buluu ilipenya upana wa uzi. Niliikwangua kwa ncha ya wembe na kuijazia njano kwa brashi ya nywele chache, na anayejua mahali pa kutazama ataiona. Nyuma, mistari ya pembe mbili haikutani sawasawa: upande mmoja uko juu ya mwingine kwa nusu milimita, ambayo kwenye gari halisi ni milimita 12, kosa ambalo nimeliona kwa macho yangu kwenye matatu za kweli pale stendi, zimepakwa kwa haraka kanuni zilipokazwa upya mwaka 2018. Nimeliacha hivyo. Sasa ninakata kwa karatasi herufi za jina la njia, zenye kimo cha milimita 4, na bado sijaamua kama konda atakuwa ndani au atasimama mlangoni.